Nyonga ya Mzee Huvunjikia Nyumbani
Mwaka 2020, korona ilipozuka, Burundi haikuwafungia raia wake majumbani kama zilivyofanya Rwanda na Uganda. Katika nchi nyingi zilizofunga, ajali za barabarani zilipungua, lakini wazee waliendelea kuvunjika nyonga, kwani wengi wao huangukia nyumbani. Tena, mzee asiyetembea hudhoofika misuli na mifupa.

Familia za Bujumbura, hasa zile ambazo askari wao yuko kazini mbali, na zizingatie haya: njia ya msalani iwe na taa, sakafu isiwe na maji, na mzee atembee kila siku. Akianguka, mguu ukaonekana kufupika na kugeukia nje, asisimamishwe wala asikandwe. Abebwe kwa machela hadi hospitali upesi. Kulala kitandani siku nyingi huleta vidonda na kichomi, navyo huua.