Kuvuja kwa Lori Kuukuu, na Namna ya Kulitengeneza Nyumbani

Lori la mkulima wa Kibiti aghalabu limekwisha kuwa kuukuu kabla hajalinunua. Limetumika Japani miaka mingi, likaletwa kwa meli, likachukua mizigo ya mwenyewe wa kwanza, ndipo likafika Bungu au Ikwiriri kubeba mpunga, machungwa, nazi na korosho. Kilomita laki tatu si ajabu. Gari la namna hii huvuja, na mwenyewe huzoea: kila asubuhi hutazama doa jeusi mchangani, akaongeza oili, akaenda zake. Walakini si kila doa ni la kuzoewa. Doa moja hupoteza kikombe cha oili tu, na jingine laweza kupoteza watu waliopanda juu ya magunia. Yafaa mkulima ajue kuyapambanua, na ajue kazi ipi aweza kuifanya mwenyewe chini ya mwembe wake, na ipi sharti aipeleke kwa fundi.

Kwanza ujue ni kitu gani kinachovuja. Weka gari mahali palipo sawa, tandika maboksi makavu chini yake tangu mbele hata nyuma, uyaache usiku kucha. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi. Oili ya gia na ya difu ni nzito, nayo hunuka kama kiberiti. Mafuta ya usukani mara nyingi ni mekundu. Maji ya rejeta yaliyotiwa dawa huwa ya kijani au mekundu, na matupu huacha alama ya kutu. Mafuta ya breki ni mepesi na karibu hayana rangi. Ukiyapaka kidoleni ukamwagia maji, huchanganyika na maji yakaondoka, bali oili hubaki ikiteleza. Jaribio hili ni dogo lakini lina thamani kubwa, kwa maana ukiona gurudumu limelowa upande wa ndani, huenda ni oili ya difu, huenda ni mafuta ya breki, na dawa zake ni mbalimbali.

Kisha tafuta panapotoka, si panapodondoka. Oili hutiririka chini, na upepo wa safari huirudisha nyuma, hata mtu akanunua sili ya nyuma hali shina la mambo liko juu ya injini. Osha mahali pote kwa mafuta ya taa na brashi, injini ikiwa baridi, ukaushe kwa kitambaa. Paka unga wa chaki, washa injini dakika chache, uizime, utazame. Mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa ndipo penye kosa. Kuosha ni nusu ya kazi, ijapokuwa hakuna apendaye kulipia kuoshwa.

Ukitaka kuingia chini ya gari, zuia magurudumu kwa mawe, uweke jeki juu ya ubao mpana, kwa kuwa mchanga wetu hudidimia. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo manene. Tofali za saruji hupasuka ghafla.

Sasa tuje kwenye jambo linalowahusu hasa watu wa bonde la Rufiji. Panapotoka oili, maji nayo hupata njia ya kuingia. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori hayangoji tena kivuko cha Ndundu. Lakini njia za mashambani zingali na tope na madimbwi, na mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na barabara nyingi za Rufiji na Kibiti. Difu ya lori lililotoka mbali ina moto. Ikitumbukia majini hupoa mara moja, hewa iliyomo ndani husinyaa, nayo huvuta maji kwa kupitia sili iliyochakaa. Kwa hiyo, baada ya kuvuka maji mengi, liache gari litulie usiku, kisha asubuhi ulegeze kidogo nati ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, basi yatatangulia kutoka. Oili ikiwa nyeupe kama tui la nazi, imwage yote utie mpya, usawa wa tundu la kujazia na usizidishe. Gia boksi nayo ipimwe vivyo hivyo. Mwenye kuacha oili ya tui ndani ya difu atanunua beringi na meno kwa bei ya magunia mengi ya mpunga.

Tena, juu ya difu pana kipumulio kidogo cha kutolea hewa. Tope likikiziba, hewa hupanuka kwa moto wa safari, ikakosa pa kutokea, ikasukuma oili kupita kwenye sili hata ndani ya breki. Wengi hubadili sili, ikavuja tena upesi, wakailaumu sili. Kisafishe kipumulio kwa waya na mafuta ya taa kabla hujatoa fedha. Viatu vya breki vilivyolowa oili usivioshe wala kuvichoma moto ili uvitumie tena. Vibadili vya pande zote mbili, gari lisivutwe upande mmoja.

Injini nayo ina kipumulio chake. Safisha bomba lake, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu na kwa mfululizo, huenda ringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu. Moshi usipokuwapo, anza na yaliyo rahisi: kaza boliti za kifuniko cha vali, kwa kiasi tu, maana kukaza mno huipinda bati, badili gasketi yake ikiwa imekauka, wosha ya shaba ya nati ya kumwagia oili ipashe moto mpaka iwe nyekundu, uipoze majini, nayo italainika ifae tena. Sili ya nyuma ya injini ni kazi ya fundi, kwa kuwa sharti gia boksi ishushwe. Ikidondosha kidogo tu, kwa maoni yangu ongeza oili na uendelee na kazi mpaka mavuno yaishe.

Rejeta usiifungue ingali na moto. Visima vingi karibu na delta vina chumvi, na chumvi hula rejeta. Tia maji ya mvua pamoja na dawa yake. Mpira uliopasuka nchani waweza kukatwa kidogo na kufungwa upya. Tundu dogo la tenki la dizeli laweza kuzibwa kwa sabuni ya mche hata ufike nyumbani, lakini tenki lisichomelewe nyumbani kamwe: mvuke uliomo hulipuka.

Breki hazina subira. Pedali ikizama, au mafuta yakipungua katika chupa yake, lori lisibebe kitu, hata kama machungwa yanaoza. Usitie oili ya injini, wala maji ya sabuni. Oili huvimbisha mipira yote ya breki, na maji huchemka na kuleta kutu. Badili raba za silinda. Silinda ikiwa na mashimo ya kutu ndani, nunua mpya. Tumia mafuta ya breki ya kopo lililofungwa, maana lililoachwa wazi huvuta unyevu wa hewa. Kisha toa hewa, mtu mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nati, ukianza na gurudumu lililo mbali na silinda kuu. Jaribu gari tupu, mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu. Malori makubwa yenye breki za upepo yapelekwe kwa fundi.

Oili chafu iweke katika dumu lenye kifuniko, mbali na mfereji wa mpunga. Ikifika mtoni hushuka mpaka mikokoni, ikaganda juu ya mizizi inayopumulia hewa, na huko ndiko kamba wadogo wanakokulia. Wako wanaoinunua kwa kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.