Je, Mchezo wa Gitaa la Plastiki Unastahili Fedha Zetu?

Chama chetu cha muziki kina akiba kidogo iliyotokana na michango ya wanachama, na muhula huu yatupasa kuamua itumike namna gani. Wengine wanataka tununue mchezo wa video wenye gitaa la plastiki, uliokwisha kutumika lakini ungali mzima. Wengine wanataka tuchongewe amadinda, yaani marimba ya Kiganda. Kura haijapigwa bado. Kwa kuwa fedha ni zetu sote, nimeona vema niwaeleze wenzangu mambo ya kupima kabla ya kuinua mikono.

Kwanza, mchezo wenyewe ni kitu gani? Michezo ya namna hii humtaka mchezaji abonyeze kitufe, au akanyage alama, sawasawa na mapigo ya wimbo. Huko Japani ulitoka PaRappa the Rapper mwaka 1996, na mwaka 1998 ukafuata Dance Dance Revolution, unaochezwa kwa miguu. Mwaka 2005 Guitar Hero ukatoka Marekani. Gitaa lake halina nyuzi, bali vitufe vitano vya rangi na kipande cha kupigia. Alama za rangi hushuka kwenye kioo. Ukikosa alama, sauti ya gitaa hukatika na wimbo huendelea bila wewe.

Pili, bei. Bei ya dukani peke yake haionyeshi kama kitu ni rahisi au ghali. Igawanye kwa saa utakazokitumia. Tuseme mchezo ni shilingi 300,000. Ukichezwa saa 300, kila saa ni shilingi 1,000 tu. Lakini tukiuchoka baada ya saa 10, kila saa imetugharimu shilingi 30,000. Tena kuna mtambo wa kuuchezea, televisheni na umeme. Asiye na vitu hivyo amenunua kufuli kabla ya mlango.

Tatu, je, kitu kitadumu? Mwaka 2015 ulitoka Guitar Hero Live, wenye gitaa jipya la vitufe sita, na magitaa ya zamani hayakuufaa. Nyimbo zake nyingi hazikuwamo katika diski, bali zililetwa kwa intaneti. Tarehe 1 Desemba 2018 kampuni ilifunga huduma hiyo. Nyimbo zaidi ya 400 zikapotea, zikabaki 42 zilizomo katika diski. Gitaa lilikuwa zima mikononi mwa mwenyewe, lakini nyimbo zimekwenda! Hata michezo ya simu isiyouzwa hula bando na kutujazia matangazo. Wazee walisema, vya bure ghali.

Sasa tutazame amadinda. Ni mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na wapigaji ni watatu. Omunazi huanza. Omwawuzi, aliyekaa upande wa pili, hupiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Omukoonezi hutumia mbao mbili ndogo kabisa, akirudia kwa sauti ya juu zile zinazopigwa kwenye mbao mbili kubwa. Hakuna hata mmoja mwenye wimbo mzima; wimbo hupatikana kwa watatu pamoja. Mwaka 1966 Lubiri ya Mengo iliposhambuliwa, wanamuziki wa Kabaka walitawanyika, lakini ufundi wao haukufa. Marehemu Evaristo Muyinda, aliyekuwa mmoja wao, alifundisha watu wengi, hata Gerhard Kubik wa Austria, aliyefika Kampala mwaka 1959. Ubao ukipasuka, fundi huchonga mwingine. Hakuna kampuni iwezayo kuufunga wimbo huo.

Hata hivyo, Mgala muue na haki mpe. Mchezo wa gitaa hufundisha sikio na mkono kwenda pamoja, na mgeni wa muziki hupata furaha siku ile ile ya kwanza, hali amadinda hutaka majuma mengi ya uvumilivu. Mwenye mtambo nyumbani, akipata kwa bei nafuu mchezo wenye nyimbo ndani ya diski, hapana shaka atafaidi. Lakini vitufe vitano si nyuzi sita: bingwa wa mchezo akipewa gitaa la kweli, itambidi aanze kujifunza upya.

Basi, chama chetu hakina mtambo, na wanachama ni wengi. Kwa sababu hizo mimi nitapigia kura amadinda. Wenzangu wanaoutaka mchezo, waje mkutanoni na majibu ya maswali matatu: nyimbo zimo ndani ya diski? Gitaa linaafikiana na mtambo gani? Na mtambo huo utatoka wapi? Wakiyajibu vizuri, nitakuwa tayari kuwasikiliza.