Baruti Inatoka Wapi?

Vita vya uhuru huanza kwa dhuluma, lakini havidumu kwa hasira. Walowezi wa Marekani walipomwasi mfalme wa Uingereza mwaka 1775, chanzo kilikuwa kodi walizotozwa bila kuwa na mbunge wa kuwasemea. Hata hivyo, waliweza kupigana hadi mkataba wa amani wa 1783 kwa sababu baruti ilikuwa ikiingia kwa meli, nyingi ikitoka Ufaransa, na mwaka 1778 Ufaransa yenyewe ikaingia vitani upande wao.

Msomaji wa Choma, Nzega au Urambo hana haja ya kuvuka bahari ili aelewe somo hili. Liko kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji.

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia hiyo baada ya kugombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuhusu hongo, yaani ushuru wa njia, na biashara. Mwezi Agosti Waarabu hao waliungana kumshambulia. Kikosi chao kimoja kiliteka kijiji cha Wilyankuru na kuanza kurudi na pembe za ndovu na mateka. Mirambo hakukimbilia mbali. Aliwaficha watu wake kwenye majani marefu, pande zote mbili za njia, na waliorudi na mizigo wakavamiwa wasiweze kujipanga. Mwezi huohuo akaishambulia Tabora yenyewe.

Vita vile viliendelea kwa miaka kadhaa. Mirambo alikuwa na ruga-ruga, vijana wepesi walioishi kwa ngawira. Alishirikiana na Watuta, Wangoni waliofika kutoka kusini. Pembe zake aliziuza hata kwa Mswisi Philippe Broyon, hivyo Tabora haikuwa mlango wake pekee wa biashara. Tusifiche kwamba ngawira ile ilitoka kwenye vijiji vya Wanyamwezi wenzake, nao waliumia sana. Lakini alipofariki mwaka 1884, alikuwa bado mtawala.

Mtemi Isike wa Unyanyembe alikabili adui mzito zaidi. Wajerumani walipandisha bendera Tabora mwaka 1890, wakiwa wamepatana na Waarabu wa mji. Isike alikuwa na boma imara na bunduki, na mwaka 1892 alirudisha nyuma mashambulizi yao. Ila vita vyake vilikaa mahali pamoja, adui akiwa mlangoni na kituo chake mjini. Januari 1893 ofisa Mjerumani Tom von Prince alilivunja boma. Isike aliingia kwenye ghala lake la baruti na kuilipua, akikataa kutekwa akiwa hai. Ushujaa haukumpungukia, alichokosa ni msaada wa kutoka nje ya kuta zile.

Kwa hiyo naiheshimu sana hesabu iliyopigwa Tabora Januari 1958. Wajumbe wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, walichukizwa na mfumo wa kura tatu, uliomtaka mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walitaka kususia uchaguzi. Kiongozi wao, Julius Nyerere, aliwashawishi washiriki, kwa sababu kususa kungewapa wapinzani viti bure. TANU ilikuwa na matawi, wanachama na michango yao, yaani akiba ya kuendesha mapambano marefu bila bunduki. Ilishinda uchaguzi, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru. Ujasiri wa wajumbe wale ulikuwa kuchagua uwanja ambao nguvu zao zisingewaishia njiani.