Nyumbu wa Tarangire Huzaliwa Nje ya Hifadhi

Mgeni anayefika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire mwezi Septemba hukuta nyumbu na pundamilia wamefurika kando ya mto. Akija Februari atawatafuta asiwaone. Mvua zikianza, makundi hayo huvuka mpaka uliowekwa mwaka 1970 na kuelekea mashariki, kwenye tambarare za Simanjiro, na huko ndiko nyumbu wanakozalia.

Sababu iko kwenye nyasi. Nyumbu jike anayenyonyesha anahitaji madini ya fosforasi kwa wingi, na nyasi za Simanjiro zinayo kuliko zile za ndani ya hifadhi. Tena ni fupi, hivyo mama humwona fisi akiwa bado mbali. Hifadhi inawapa maji ya kiangazi, lakini ndama wanazaliwa kwenye ardhi ya vijiji, katika malisho ya Wamasai.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi hiyo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na maamuzi makubwa hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa wanakijiji. Wakiamua kuigawa iwe mashamba ya maharage na mahindi, askari wa hifadhi hana la kufanya. Na mashamba yamekuwa yakiongezeka kweli.

Katikati ya miaka ya 2000, kijiji cha Terrat kilikubaliana na kampuni kadhaa za utalii. Kampuni zingelipa ada kila mwaka, na kijiji kingeacha sehemu ya tambarare bila kulimwa wala kujengwa, pamoja na kuzuia uchomaji mkaa na ujangili. Vijana wa hapo hapo walipewa kazi ya doria. Ng'ombe hawakufukuzwa, malisho ya msimu yaliendelea, na kwangu hicho ndicho kifungu bora kuliko vyote katika mkataba ule.

Ada yenyewe ilikuwa dola elfu chache kwa mwaka, fedha ambayo haiwezi kushindana na mavuno ya maharage. Wafugaji walikubali kwa sababu mkataba uliwalindia malisho, na haukuwataka wabadili maisha yao. Maisha hayo tayari yaliwapisha nyumbu, na mfano ni jinsi wanavyokwepa ugonjwa wa nyumbu. Ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru yeye, ila vikimfikia ng'ombe, macho huingia ukungu, makamasi mazito humtoka puani, na kwa kawaida hufa. Ndiyo maana tangu enzi za mababu wafugaji huhamisha mifugo msimu wa nyumbu kuzaa, kisha huirudisha ndama wakishakua. Kalenda hiyo, inayowaachia nyumbu uwanja wakati wanapouhitaji zaidi, haikuandikwa na mtaalamu yeyote wa wanyamapori.

Kwa hiyo napingana na wanaodhani kwamba kuhifadhi nje ya hifadhi maana yake ni kupanua hifadhi. Mfugaji akihofia kwamba malisho yake yatageuzwa hifadhi kesho, ana kila sababu ya kuyalima leo, maana shamba angalau linaonekana kuwa na mwenyewe. Dawa ya hofu hiyo ipo kisheria: hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa kwa kundi zima. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata yao mwaka 2011 kwa msaada wa shirika la UCRT, na vijiji vya wafugaji kaskazini mwa Tanzania vimefuata njia hiyo hiyo kulinda nyanda za malisho. Malisho yenye hati ya pamoja hayauzwi kimya kimya na mtu mmoja, hata awe kiongozi.

Hata hivyo, njia ya nyumbu haiishii kwenye kijiji kimoja. Kijiji kilichoko katikati kikigawa mashamba, tambarare iliyotunzwa vizuri upande wa pili haitafikiwa na mnyama hata mmoja. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji jirani inapaswa kupangwa kwa pamoja, na hati zitolewe sasa, kabla ya wanunuzi wa mashamba kufika na fedha mkononi.