Protini mpya za ubongo: ni seli ipi iliyozitengeneza?

Kumbukumbu ya kudumu huhitaji protini mpya. Lakini tishu ya ubongo inaposagwa maabara, seli za neva huchanganyika na seli saidizi, na haijulikani protini ipi imetoka wapi.

Mwaka 2017, watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Utafiti wa Ubongo mjini Frankfurt, Ujerumani, akiwemo Erin Schuman, walieleza namna ya kuzitofautisha. Jeni za panya zilibadilishwa ili aina moja tu ya seli iweze kutumia asidi amino bandia, iliyotiwa katika maji ya kunywa. Seli hiyo huipachika kwenye protini mahali pa methionini. Seli jirani haziwezi. Protini zenye alama hunaswa na kutambuliwa, za zamani zikiachwa.

Suala hili linagusa wagonjwa. Katika sindromu ya kromosomu X dhaifu, inayosababisha ulemavu wa akili, uzalishaji wa protini kwenye ubongo wa panya huonekana kupita kiasi. Dawa zilizowasaidia panya hao hazikufua dafu katika majaribio makubwa kwa binadamu. Kujua ni seli zipi zinazozidisha kungesaidia, ingawa njia ya Frankfurt, kwa kuwa hutegemea kubadilisha jeni, bado ni ya wanyama wa maabara.