Kushambulia na Kujihami katika Mashindano ya Vigari vya Kuserereka

Utangulizi

Msomaji akutanapo na maneno 'kushambulia' na 'kujihami', aghalabu huwazia vita au kandanda: mmoja ananuia kupenya, mwingine ananuia kumzuia. Makala haya yanachunguza mchezo ambamo maana hizo hupinduka, yaani mashindano ya kuserereza vigari vinavyoongozwa kwa redio. Hoja yetu ni kwamba katika mchezo huu, shambulizi kali ni kumwiga mpinzani kwa karibu, na kinga bora ni kuendesha vyema.

Usuli na Kanuni

Mserereko wa magari halisi ulikomaa katika barabara za milimani za Japani, na mashindano ya D1 Grand Prix yakaanzishwa huko mwaka wa 2000. Nchini Marekani, msimu wa kwanza wa Formula Drift uliandaliwa mwaka wa 2004. Mashindano ya vigari yameiga taratibu hizo. Kigari cha kawaida huwa moja kwa kumi ya gari halisi, na tairi zake ni za plastiki ngumu ili ziteleze kwa urahisi. Vingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na hutumia jairo, kifaa kinachohisi kigari kinapozunguka na kuyaelekeza magurudumu ya mbele upande wa mtelezo.

Katika mchuano, vigari viwili hukimbia pamoja. Mmoja huwa mtangulizi, mwingine mfuatiaji. Kisha hubadilishana zamu. Mshindi haamuliwi kwa saa. Waamuzi hutazama njia iliyofuatwa, pembe ya mserereko na ukaribu wa vigari hivyo. Wakishindwa kuwatenganisha washindani, mchuano hurudiwa.

Mbinu za Kushambulia

Mfuatiaji hashambulii kwa kupita. Yeye hushambulia kwa kuingia kona karibu sawia na mtangulizi, kuilinganisha pembe yake na ya mwenzake, na kukisogeza kigari chake hadi ubavuni mwa kile cha mbele. Ukaribu huo una gharama: kosa dogo la mtangulizi humwachia muda mfupi mno wa kukwepa, na akimgonga mtangulizi aliyekuwa akiendesha ipasavyo, lawama ni yake. Ugumu huongezeka kwa kuwa waendeshaji husimama kando ya uwanja. Miili yao haihisi mtikiso wala mvuto wa kona. Macho pekee ndiyo hupima masafa.

Mtangulizi naye aweza kushambulia. Akiingia kona kwa kasi na kwa pembe pana bila kuiacha njia iliyoagizwa, humlazimisha mfuatiaji kuchagua: ama abaki nyuma, ama ajitose na kuhatarisha mserereko wake.

Mbinu za Kujihami

Mtangulizi haruhusiwi kujihami kwa hila. Akifunga breki ghafla mahali pasipotarajiwa, au akiiacha njia ili kumpoteza mfuatiaji, yeye ndiye hukosolewa, hata kama aliyemgonga ni wa nyuma. Kinga yake ni kurudia mwendo uleule kwa uthabiti, bila kumpa mpinzani mwanya.

Mfuatiaji hujihami kwa kuacha nafasi ndogo mwanzoni na kuipunguza kona baada ya kona. Hali kadhalika, mshindani aliyepata alama nzuri katika zamu ya kwanza huweza kuchagua usalama katika ya pili. Hata hivyo, tahadhari ikizidi hugeuka woga, na waamuzi hawatuzi nafasi tupu baina ya vigari.

Hitimisho

Wanafunzi wa fasihi hawatauona mchezo huu kuwa mgeni kabisa. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipojibizana kwa mashairi katika karne ya 19, uhasama wa miji yao ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, katika utamaduni wa malumbano, anayejibu hutarajiwa kuzifuata kanuni za shairi analolijibu. Akizivunja, hoja yake hupungua uzito hata iwe kali namna gani. Ndivyo ilivyo kwa mfuatiaji na mtangulizi. Kila mmoja anataka kushinda, lakini hana pa kuuonyesha ustadi wake isipokuwa katika mwendo wa mwenzake. Anayemharibia mpinzani huwa amejiharibia mwenyewe.