Kabla ya Kumwambia Siri Yako, Omba Uone Cheti

Ndugu msomaji, ukivunjika mguu unajua pa kwenda. Unakwenda zahanati au hospitali. Lakini mtu akiumwa na mawazo, aende wapi? Na atajuaje kama yule anayemsikiliza amesomea kazi hiyo?

Swali hili linawahusu sana wananchi wa Temeke, Dar es Salaam. Katika sensa ya mwaka 2022, manispaa hiyo ilikuwa na watu 1,346,674. Wapo wachuuzi wa Tandika, mama lishe, makuli na madereva wa Barabara ya Kilwa. Wengi wamebeba mizigo ya maisha. Kuna madeni, misiba, ugomvi wa nyumbani, ulevi na dawa za kulevya.

Tena Temeke imeona mambo ya kutisha. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika kambi ya jeshi huko Mbagala. Watu zaidi ya 20 walikufa. Wengine wengi waliharibikiwa nyumba zao. Mtu aliyepita katika hofu kama ile huweza kushtuka kila asikiapo kishindo, hata baada ya miaka mingi. Huyo si mwoga, wala hana pepo. Ameumia ndani, na anaweza kusaidiwa.

NANI NI NANI?

Watu wanaosaidia wagonjwa wa namna hii ni wengi. Kila mmoja ana kazi yake.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyeongeza masomo. Yeye hupima, na huweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hatoi dawa. Yeye hutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya fikra. Muuguzi wa afya ya akili humhudumia mgonjwa na kufuatilia dawa zake. Ofisa ustawi wa jamii husaidia mambo ya familia. Mshauri nasaha humsaidia mtu kufikiri na kuamua.

Wote hawa ni wa maana. Hatari ni pale mtu mmoja anapojifanya kuwa wote.

KUZUNGUMZA TU, KWANI KUNA KAZI GANI?

Wengine husema, "Kuzungumza tu hakuhitaji cheti. Hata bibi yangu hunishauri." Ni kweli, bibi hushauri, na ushauri wake ni wa thamani. Lakini kutibu ni jambo jingine. Tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Kijana anaanza kuropoka na hatambui watu. Je, ana ugonjwa wa akili? Huenda ana malaria kali. Aliyefundishwa anajua kwamba ugonjwa wa mwili huweza kuvuruga akili. Atampeleka kwa daktari upesi. Asiyefundishwa atakaa naye akizungumza, na kijana anaweza kufa.

Mfano wa pili. Mama anasema, "Dunia imenichosha." Aliyefundishwa atamwuliza wazi, kwa upole, kama anafikiri kujiua. Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango aseme. Asiyefundishwa ataogopa kuuliza, au atamkemea.

Mfano wa tatu. Mgonjwa anameza vidonge vya hospitali kila siku. Mtu anamwambia, "Acha vidonge hivyo, mimi nitakuponya kwa maneno." Anaacha, na ugonjwa unarudi kwa nguvu. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, akapoteza maisha.

Ndiyo maana cheti si karatasi ya kujivunia. Cheti ni ushahidi kwamba mtu amefundishwa kutambua hatari hizi.

NJIA YA KUFIKIA CHETI

Tuanze na kazi tunazozijua. Daktari husoma chuo kikuu miaka 5. Kisha hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya madaktari waliomtangulia. Ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika humwandikisha na kumpa leseni. Sheria inayoongoza baraza hilo ilitungwa mwaka 2017. Wauguzi na wakunga nao wana baraza lao na sheria yao ya mwaka 2010. Hata mganga wa tiba asili anatakiwa aandikishwe. Sheria yake ni ya mwaka 2002.

Kazi ya mwanasaikolojia tiba ni changa zaidi katika nchi yetu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Shahada ya uzamili hufuata baada ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo semina ya siku chache haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba.

Masomo ya darasani peke yake hayatoshi. Lazima mwanafunzi akutane na wagonjwa huku mwalimu akimsimamia. Akikosea, anasahihishwa kabla hajamdhuru mtu.

Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya peke yake kwa kazi hii mwaka 2014. Sheria hiyo iliunda bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Kila anayefanya kazi hiyo anatakiwa aandikishwe. Huko Afrika Kusini, mwanasaikolojia tiba lazima awe na shahada ya uzamili. Hufanya mazoezi ya kazi miezi 12, hufanya mtihani, na hutumikia umma mwaka 1.

Kuandikishwa kuna faida moja kubwa. Mtu aliyeandikishwa akitoa siri za mgonjwa, au akimtendea vibaya, kuna mahali pa kumshtaki. Anaweza kunyang'anywa leseni. Asiyeandikishwa huhamisha kibao chake, akaanza upya mtaa wa pili.

ULIZA MASWALI HAYA

Usione haya kuuliza. Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Mwulize:

1. Umesoma chuo gani, na umepata shahada au cheti gani?
2. Ulifanya mazoezi ya kazi wapi, na nani alikusimamia?
3. Umeandikishwa na baraza gani au unafanya kazi chini ya hospitali gani?
4. Ugonjwa wangu ukikushinda, utanipeleka wapi?

Jihadhari na anayeahidi kukuponya kwa siku moja. Jihadhari na anayekukataza dawa za hospitali. Jihadhari na anayekusimulia siri za wagonjwa wengine, maana zako pia atazisimulia. Na asiyetaka kutoa risiti, mwache.

UANZIE WAPI?

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Eleza shida yako bila kuficha. Ikiwa ni kubwa, utaandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, au Muhimbili. Wagonjwa wanaohitaji matibabu ya muda mrefu huweza kupelekwa Mirembe, Dodoma. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1927.

Kwa vijana walionaswa na heroini, msaada upo pia. Kliniki ya dawa ya methadone ilianza Muhimbili mwaka 2011. Baadaye zilifunguliwa nyingine Mwananyamala na Temeke. Huko kijana hapati dawa tu. Hupata pia ushauri wa watu waliofundishwa.

Ukiwa na mashaka juu ya mtu anayetibu mtaani kwenu, uliza katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa. Hiyo si fitina. Ni kulinda afya ya jirani yako.

Ndugu msomaji, fundi akiharibu kiti utanunua kingine. Akili ya mtoto wako huwezi kuinunua dukani. Basi kabla ya kufungua moyo wako, omba uone cheti.

MJADILIANE

1. Katika mtaa wenu, mtu mwenye huzuni nyingi hupelekwa kwa nani kwanza?
2. Kwa nini watu huona haya kumwuliza mtaalamu cheti chake?
3. Mtamsaidiaje jirani aliyeambiwa aache dawa za hospitali?